Bastola inakwama-kwama: tafuta ugonjwa kwanza kabla hujabadilisha chuma

"Afande, bastola inakwama, nibadilishe springi?" Hili swali nimeulizwa Kampala, nimeulizwa Arua, nimeulizwa Moroto, na wanaouliza ni wale wale, askari wa kampuni za ulinzi waliozoea bunduki kubwa alafu juzi wakapewa bastola, pamoja na raia wenye leseni ambao walifundishwa siku moja tu wakaachwa hivyo. Jibu langu ni lile lile, usibadilishe kitu. Bastola nyingi zinazofika mezani kwangu eti zimeharibika hazijaharibika, magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ndiyo mbovu, ama risasi, ama uchafu umejaa mahali padogo sana, ama mkono ulioishika umelegea. Ukianza na springi unatupa pesa na ugonjwa unabaki pale pale.

Tatizo ninalolizungumzia hapa ni hili: unapiga risasi, ganda tupu linatakiwa kuruka nje, haliruki, linasimama wima limebanwa na slaidi (kile chuma cha juu kinachoenda nyuma na mbele) pale dirishani, yaani kwenye tundu ambapo ganda linatokea, ama linabaki ndani ya chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa ili ipigwe) na risasi mpya inakuja kulisukuma kwa nyuma. Ndugu zake ni risasi mpya kugonga pua na kukataa kuingia, na slaidi kukataa kufunga mpaka mwisho. Yote haya unayatafuta kwa njia moja.

Jambo la sheria nalisema mapema. Huu mwongozo ni wa mtu ambaye silaha ni yake kwa leseni, ama amekabidhiwa kazini kwa kusaini. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 haina mchezo kwa mwingine yeyote. Pia kumbuka Juni 2018 Rais Museveni alipohutubia Bunge kuhusu usalama alitaka bunduki zote zichukuliwe alama, yaani kila silaha ijulikane kwa mikwaruzo inayoacha kwenye risasi na kwenye ganda. Mikwaruzo hiyo inatoka kwa mtutu, kwa pini inayopiga kapsuli (kile kidude cha matakoni mwa risasi kinachowasha baruti), kwa ule ukucha unaovuta ganda, na kwa chuma kinacholirusha. Sasa wewe ukikaa nyumbani ukabadilisha pini ama mtutu, bastola yako haifanani tena na rekodi yake. Kusafisha na kupima ni kazi yako, lakini kupiga msasa, kukata na kubadilisha vyuma ni kazi ya fundi wa silaha anayetambulika, na ifanyike kwa maandishi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mahali tulivu penye upande salama. Ndoo kubwa ama pipa lililojaa mchanga, kama lile la getini kwenye vituo vya ulinzi, linatosha. Ukuta wa matofali ya kuchoma ambao upande wa pili wanalala watoto siyo upande salama.
- Magazini ZOTE unazotumia na hiyo bastola, pamoja na tepu na kalamu ya wino mzito.
- Risasi bandia tatu au nne za saizi ile ile, zile za mazoezi zisizo na baruti.
- Mswaki mgumu wa zamani, brashi ya shaba ya kupitisha ndani ya mtutu, vitambaa vya pamba, vijiti vya meno, tochi.
- Dawa ya kusafishia silaha na oili ya bunduki. Oili kidogo tu, kachupa kadogo kanakaa mwaka mzima.
- Miwani ya kukinga macho, kwa sababu kuna springi ndani na ikiruka inaruka usoni.
- Daftari.

Simu izime. Nasema hivi kwa sababu ajali ninazozijua mimi nyingi zilianzia kwa mtu aliyekatizwa katikati, akapokea simu, akarudi mezani akiamini alikuwa ameshatoa risasi.

Hatua

1. Itoe risasi zote, kwa mpangilio huu na siyo mwingine.

Elekeza mdomo kwenye mchanga, kidole nje ya triga. Chomoa magazini KWANZA. Alafu vuta slaidi nyuma kwa nguvu mara tatu, ishikilie nyuma, angalia ndani ya chemba kwa jicho na tochi, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse. Jicho linaweza kudanganywa na giza, kidole hakidanganyiki. Angalia pia pale magazini ilipokuwa, pawe patupu.

Kosa la kawaida kabisa, na ndilo linaloua watu: mtu anavuta slaidi kwanza, risasi ya chemba inaruka nje, anafurahi, alafu ndipo anachomoa magazini. Hajui kwamba slaidi ilipokuwa inarudi ilichukua risasi nyingine kutoka kwa magazini ikaiweka ndani. Sasa ana magazini mkononi na risasi kwenye chemba. Glock na nyingine kadhaa zinataka uvute triga kabla ya kuzifungua, kwa hiyo ukikosea hapa utaipiga mwenyewe mezani. Angalia mara mbili, na kama kuna mwenzako mwambie naye aangalie.

Risasi zote zipeleke chumba kingine. Siyo kwenye droo ya meza ile ile, nimesema chumba kingine.

2. Andika kilichotokea.

Watu wanaruka hii hatua alafu wanahangaika mwezi mzima. Andika: ilikwama kwenye risasi ya ngapi, magazini ipi, risasi za boksi gani, nani alikuwa ameshika, ganda lilikaa vipi. Kama inakwama kwa mkono wa Okello na haikwami kwa mkono wa Juma, umeshapata nusu ya jibu bila kufungua chochote. Kama inakwama siku zote kwenye risasi ya mwisho ama ya kwanza, macho yaende kwenye magazini.

3. Magazini.

Bandika tepu uandike 1, 2, 3. Sasa zikague moja moja. Pale juu kuna midomo miwili ya bati inayoshika risasi, itazame kwa mbele na kwa juu, ilingane, isiwe imepinda wala kupasuka. Magazini iliyoanguka kwenye sementi mara moja ikiwa imejaa inatosha kupinda. Bonyeza kile kisahani cha ndani kwa kidole ama kijiti, kishuke vizuri na kirudi chenyewe haraka bila kusita. Kikisita, kuna mchanga ndani ama springi imechoka. Fungua sehemu ya chini (taratibu, springi inasukuma), futa ndani kwa kitambaa KIKAVU, rudisha springi upande ule ule ilivyokuwa, ukiigeuza italeta shida mpya. Usitie oili ndani ya magazini, mchanga unapenda oili kuliko chochote.

Magazini ambayo mdomo wake umepinda usijaribu kuinyoosha kwa koleo. Itoe kazini. Ni afadhali uwe na magazini mbili nzima kuliko tatu ambazo huziamini.

4. Risasi.

Hapa kuna balaa la Afrika Mashariki nzima, watu wanasema "tisa" wakidhani tisa zote ni moja. Risasi ya Makarov ni 9 kwa 18, yaani ganda lake lina milimita 18, ya Parabellum ni 9 kwa 19, na kichwa cha Makarov ni kinene zaidi kidogo. Kuna na ile fupi ya 9 kwa 17. Zikiwa zimechanganywa kwenye mfuko mmoja macho ya kawaida hayazitofautishi haraka. Soma maandishi ya mtutuni, soma boksi, angalia matako ya ganda, vyote vikubaliane. Kama boksi halipo na maandishi huyaelewi, usiipige.

Alafu pangusa kila moja na uitazame. Iliyo na kutu ya kijani, iliyobonyea, ambayo kichwa kimezama ndani kuliko wenzake, ambayo kapsuli imechomoza, weka pembeni uirudishe ghala la silaha. Usiizike shambani, usiichome.

Risasi za askari wa zamu zina ugonjwa wao: asubuhi inaingizwa kwenye chemba, jioni inatolewa, kesho ile ile tena inarudishwa juu ya magazini, mwezi mzima risasi moja inagongwa pua. Kila ikigongwa kichwa kinazama kidogo ndani ya ganda, na presha inapanda. Zungusha, usiweke ile ile kila siku.

5. Fungua, safisha.

Fungua kama kitabu cha bastola yako kinavyosema, slaidi, springi ya kurudisha slaidi, na mtutu kama unatoka, basi. Usiende zaidi ya hapo.

Mtutu pitisha brashi yenye dawa kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni kama bastola inaruhusu, mara kumi hivi, kisha vitambaa mpaka kitoke kisafi. Chemba isugue vizuri zaidi ya mtutu, kwa sababu ganda likipigwa linavimba kushika kuta za chemba, na kuta zikiwa na masizi ganda halitaki kutoka. Kama mlipiga risasi za zamani zenye kapsuli za chumvi, osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kausha kabisa, kisha oili. Oili peke yake haiondoi chumvi, na karibu na ziwa kama Entebbe kutu inakuja kwa usiku mmoja.

Sasa njoo kwenye ukucha. Mafundi wanauita ekstrakta. Uko kwenye slaidi, upande wa kulia wa lile dirisha kwa bastola nyingi, una ncha kama ya kucha ya paka, ndiyo inayoshika ukingo wa ganda na kulivuta nje. Washa tochi, tazama CHINI ya ile ncha.

Moroto waliniletea bastola moja iliyokuwa inakwama kila risasi ya nne au ya tano. Springi ilikuwa imebadilishwa mara mbili. Magazini mpya. Mwenyewe alikuwa ameshaichukia, anasema anataka arudishiwe bunduki kubwa. Nikaweka tochi chini ya ukucha nikaona kitu kinang'aa, nikachomeka kijiti cha meno, kijiti kikavunjika, nikachukua kingine nikaloweka dawa nikasubiri dakika kumi. Kikatoka kipande cha shaba chembamba kama ukucha wa mtoto uliokatwa, kimegandamana na oili iliyoungua mpaka ikawa ngumu kama lami. Ni shaba ya maganda, imekwanguliwa kidogo kidogo miaka na miaka bila mtu kuangalia pale. Hicho kipande kilikuwa kinauzuia ukucha usifunge sawasawa, unashika ganda kwa ncha tu, ganda linaponyoka njiani. Tulipiga risasi 50 siku ile na haikukwama hata moja.

Kwa hiyo hapo kaa. Kijiti, dawa, subiri, kijiti tena. Usitumie sindano wala pini ya chuma, utakwangua ncha yenyewe.

6. Pima vyuma.

Pima ukucha: slaidi ikiwa imetolewa na mtutu pembeni, chukua risasi BANDIA, iteleze kutoka chini mpaka ukingo wake uingie chini ya ukucha. Iachie, tikisa slaidi polepole. Kwa bastola nyingi inatakiwa ining'inie pale. Ikianguka yenyewe, ukucha umechoka ama umevunjika ncha, hiyo ni ya fundi.

Pima ijekta, kile chuma kilichosimama kwenye fremu ambacho ganda linagonga ili liruke. Kisiwe kimevunjika, kisiwe kimepinda. Kazi yako ni kutazama tu.

Pima springi: unganisha bastola tena, bila magazini, hakikisha ni tupu, elekeza mdomo juu lakini upande salama, vuta slaidi nyuma kisha irudishe taratibu ukiwa umeishika. Springi nzima itaifunga mpaka mwisho hata ukiirudisha polepole. Ikibaki nje kidogo na umeshasafisha, springi imechoka, ndiyo sasa unaweza kuzungumza habari ya springi.

Pima chemba: toa mtutu kama bastola yako inaruhusu, miwani usoni, risasi zako halisi zilete moja moja, idondoshe ndani ya chemba. Itasema "tok", ukigeuza mtutu itatoka kwa uzito wake. Isiyoingia mpaka mwisho, ama inayotaka kusukumwa, hiyo ndiyo iliyokuwa inakwamisha. Mtutu uko mkononi peke yake, hauna pini ya kupiga, ila usiigonge kwa chochote. Ukimaliza, risasi zirudi chumba kile kingine.

7. Oili.

Tone moja kila reli ya slaidi, tone moja lipakwe nje ya mtutu pale panapong'aa kwa kusuguana, basi. Isipite hapo. Chemba iwe kavu, tundu la pini liwe kavu, magazini kavu. Nimeona bastola imepakwa oili ya injini ya boda, nimeona ya mafuta ya kupikia ambayo baada ya wiki mbili ilikuwa imekuwa gundi. Dawa za kupuliza za kulegeza nati pia hapana, zinaweza kupenya kwenye kapsuli na kuiua risasi, na zikikauka zinaacha utando. Kaskazini wakati wa kiangazi, vumbi likiwa la kuonekana hewani, punguza oili zaidi. Kusini kwenye mvua ongeza kufuta, kila jioni, maana jasho la kiunoni lina chumvi.

Na usilaze bastola kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi inashika unyevu, asubuhi unakuta madoa ya kutu yameandika umbo la mfuko.

8. Ijaribu uwanjani, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Uwanja unaoruhusiwa, msimamizi yupo. Anza na magazini namba 1 na risasi za boksi moja. Ikipita, namba 2. Ikikwama kwa namba 2 peke yake umeshamjua mwizi. Kama zote zinakwama, badilisha risasi na uache magazini zile zile. Kama bado, mpe bastola mtu mzoefu apige. Ikiwa kwake haikwami, ni mkono.

Mkono nao tuuzungumze vizuri, kwa sababu watu wanaona ni matusi wakiambiwa. Slaidi inarudi nyuma kwa nguvu ya risasi, lakini inahitaji fremu isimame imara ili irudi safari nzima. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola yote inarudi pamoja na slaidi, safari inakuwa fupi, ganda halifiki kwenye ijekta kwa kasi, linanaswa. Shika juu kabisa, mikono miwili, kifundo kigumu, dole gumba lisiguse slaidi. Askari aliyesimama zamu ya usiku ya masaa kumi na mawili mkono wake umechoka, siyo kosa lake, lakini bastola haijui hilo.

Ikikwama uwanjani ukiwa umeishika

Mdomo ubaki mbele, kidole kitoke kwenye triga, usigeuke kumwonyesha mwenzako. Hii ya kugeuka na bastola iliyokwama huku unasema "afande ona" inanitetemesha mpaka leo.

- Umevuta triga imelia "tik" tu: subiri sekunde 30 ikiwa imeelekea mbele, wakati mwingine risasi inachelewa kuwaka. Alafu chomoa magazini, toa hiyo risasi, usiipige tena.
- Ganda limesimama dirishani: gonga chini ya magazini, vuta slaidi kwa nguvu mpaka mwisho, iachie irudi yenyewe. Usiisindikize kwa mkono.
- Ganda limo ndani na risasi nyingine iko nyuma yake: shikilia slaidi nyuma, chomoa magazini kwa nguvu, vuta slaidi mara tatu, angalia, ndipo uanze upya.
- Mlio umekuwa mdogo, "puf", na teke halikuja: SIMAMA. Usivute slaidi upige nyingine. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na ya pili itapasua mtutu ukiwa mkononi mwako. Toa magazini, toa kilichomo kwenye chemba, fungua, tazama mwanga kupitia mtutuni kuanzia upande wa chemba. Kama hauoni mwanga ipeleke kwa fundi, usigonge kwa msumari.

Bado inakwama? Angalia hapa

Maganda yanatupwa ovyo, moja mbali moja kichwani kwako: ukucha mchafu ama umechoka, rudi hatua ya 5 na 6.

Maganda yanadondoka karibu sana na miguu, na mengine yananaswa: risasi dhaifu, ama mkono, ama springi iliyowekwa ni ngumu kuliko ya asili. Wakikuambia umewekewa "springi ya nguvu zaidi" muulize fundi namba ya springi ya bastola yako, iwe ile ile.

Ukingo wa ganda umeng'oka ama umechanika: chemba ina kutu ama masizi, ganda lilishikwa ukucha ukalichana. Sugua chemba. Ikiwa ina vishimo vya kutu unavyoviona kwa tochi, hiyo haisuguliki tena.

Slaidi haibaki nyuma magazini ikiisha: magazini kwanza, dole gumba lako pili (linabonyeza ile nyenzo ya pembeni inayoshikilia slaidi nyuma, bila wewe kujua), nyenzo yenyewe mwisho.

Kapsuli ina kidoti kidogo sana na risasi haikulipuka: tundu la pini lina uchafu ama oili iliyoganda, ama pini imeisha. Wewe usiitoe, ipeleke.

Ukiipeleka kwa fundi peleka na lile daftari, magazini zote zikiwa na namba zake, maganda matatu au manne yaliyokwama ukiwa umeyafunga kwenye karatasi na kuandika yametoka magazini gani, na bastola iwe tupu, slaidi imefungwa nyuma, magazini nje. Mkabidhi ukimwambia kwa mdomo kwamba ni tupu, na ukimwona anaanza kuiangalia upya mwenyewe usikasirike, mwache aangalie.